Onyesho Moja Limebaki

3 Februari

Baba Mdogo, shikamoo.

Naanza na habari za nyumbani kwa sababu najua usipozikuta juu ya karatasi hutasoma chini. Mama hajambo, ila goti la kushoto limemgeuka. Akipanda zile ngazi tatu za mlangoni anazitukana zote tatu, moja baada ya nyingine. Kaka amepata mtoto wa pili, wa kike, ana sauti ya dalali mnadani. Mimi nimekonda. Usianze kuniuliza kama nakula. Nakula.

Nakuandikia kwa sababu kila nikikupigia simu unaitikia "eeh, eeh," mwisho nagundua hukusikia hata neno. Sikio lako la kulia limeliwa na kelele za cherehani, na la kushoto nadhani unalitumia ukipenda. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, atakukabidhi mkononi.

Sasa jambo lenyewe. Filamu imebakiza onyesho moja. Miezi kumi na minne, Baba Mdogo! Tulianza watu tisa, tumebaki wanne: mimi, mpiga picha, mhariri, na yule fundi sauti tunayemwita Masikio. Wengine wamekwenda kutafuta kazi ya kuwalisha, siwalaumu. Tunahariri kwenye chumba cha nyuma cha duka la kutengeneza simu. Kompyuta ikichemka tunaielekezea feni, sisi tunabaki na jasho letu. Kutwa nzima nakutazama wewe kwenye skrini, ukiigiza fundi aliyenuniana na kaka yake kwa miaka, sasa anavuka mji kumrudishia koti lake, na amelivaa njiani kwa sababu ya baridi. Koti lenyewe ni la marehemu baba, linakumeza. Mikono imefunika vidole, mabega yameanguka. Unatembea vizuri mno. Mhariri anasema hajawahi kuona mtu asiye mwigizaji akitembea hivyo.

Lakini hufiki. Siku ile ya mwisho mvua ilituharibia, ukaondoka na koti mwilini, nasi tukasema tutamalizia. Basi wakati umefika. Kuna tamasha la filamu limekubali kuionyesha yetu kama itawafikia imekamilika kabla ya tarehe 15 Juni, saa sita mchana. Ikipita hapo imepita. Mpiga picha ana siku mbili tu za kutupa, 27 na 28 Machi. Nakuomba uje. Unasimama mlangoni, unabisha hodi mara tatu, basi. Mlango wenyewe ni wa nyumbani kwetu, maana wa kukodi hatuna.

Ombi jingine: koti usiliguse. Usilifue, usilipige pasi. Kama panya anakula kola, mwache ale.

Mwanao,
Kiroboto


21 Februari

Kiroboto, marahaba.

Barua yako ilikaa kwa dereva siku tano kwa sababu aliisahau chini ya kiti. Tumefurahi kusikia habari za mtoto. Hiyo sauti ni ya upande wa mama yake, sisi hatuna. Mama yako mdogo hajambo, amepaka ukuta wa mbele rangi ambayo sikuulizwa. Goti la shemeji limenisikitisha. Mpe pole, ukipata nafasi ya kumpa.

Koti lipo.

Kuhusu Machi, shule mbili zimeniletea vitambaa vya sare, mia mbili na arobaini kwa jumla, na wazazi wameanza kukaa kibarazani kama watu wanaosubiri daktari. Sijui kama nitapata nafasi. Halafu nimefikiri. Hadithi yenyewe si inaeleweka? Mtu anatembea, watu wanamwona anatembea. Mwenye akili atajua kwamba kuna mahali anakwenda. Si lazima kila kitu kipigwe pindo.

Nina swali, na nataka unijibu. Habari ya mtu kusimama mlangoni kwa kaka yake umeitoa wapi? Ulipokuja dukani kwangu mwaka juzi uliniambia ni filamu ya mafundi.

Baba yako mdogo


2 Machi

Baba Mdogo, shikamoo.

Nyumbani salama. Pole yako nimefikisha. Mama alisema "haya," akaendelea kuchambua mchele.

Tangu lini wewe ukasema si lazima kupiga pindo? Nilikuona kwa macho yangu ukimfukuza mteja aliyetaka gauni lake hivyohivyo, uzi unaning'inia. Tuliwaonyesha watu watano filamu bila lile onyesho. Mwisho ulikuwa wewe, unatembea, unatembea, giza. Kisha mwenye duka la simu akauliza, "Sasa alifika au hakufika?" Aliuliza kwa hasira ya mtu aliyeuziwa simu haina betri. Bila mlango, nina saa moja na nusu ya matembezi.

Umeniuliza nimeitoa wapi. Sikuitoa popote. Nimetunga. Kutunga ndiyo kazi yangu.

Tena nina wasiwasi. Umeandika "Koti lipo." Maneno mawili! Wewe ukiulizwa habari ya kitambaa huongea mpaka mteja anakosa basi. Lipo vipi? Limetundikwa wapi?

Nisikufiche. Niliacha kazi yangu ya ofisini kwa ajili ya filamu hii, na kila mtu pale anajua. Nikishindwa nitarudi kwenye kiti kilekile, watanipokea kwa upole, na huo upole ndio ninaouogopa kuliko njaa. Njoo tarehe 27. Sare watoto wa watu watavaa tarehe 29.

Kiroboto


29 Machi

Baba Mdogo, shikamoo. Nakuamkia kwa sababu nimelelewa.

Mama hajambo. Mtoto hajambo. Mimi sijambo kwa mdomo tu.

Juzi nilifika kituo cha basi saa mbili asubuhi. Nikapokea basi la saa tatu, la saa tano, la saa nane na la saa kumi. Kila mlango ukifunguka nilinyoosha shingo. Jana tena hivyohivyo. Masikio alikuwa amekwishafunga vipaza sauti vyake mlangoni, kimoja juu ya fremu, kingine amekificha nyuma ya chungu cha maua. Mpiga picha alikaa kwenye ngazi akapiga picha za sisimizi. Jana jioni alikunja vifaa akaniambia, "Dada, mimi nakupenda, lakini nina watoto."

Kama ulikuwa hutaki, ungesema hutaki. Ningelia, ningekasirika, ningetafuta njia. Umeniachia kimya, na kimya hakihaririki.

Sitakuuliza tena. Niambie tu kilichotokea.

Kiroboto


8 Aprili

Kiroboto, marahaba. Hasira yako imefika, nami nimeipokea. Ni haki yako.

Mama yako mdogo anakusalimu. Anasema nyumba hii ina mtoto mmoja, na si yeye.

Sare hazikunizuia. Nilizimaliza tarehe 20, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu nizaliwe kuwahi siku ya mteja. Kilichonizuia ni koti. Nimelipunguza.

Usipige kelele, soma kwanza. Tangu niliporudi nalo kutoka kwenu lilitundikwa dukani mbele ya macho yangu. Kila anayeingia anauliza, "Fundi, hilo koti ni la nani? Wewe ndiye uliyelishona?" Nimeshona miaka thelathini na tisa. Siwezi kukaa kutwa na bega lililoanguka nikatulia. Mwezi wa kumi nikasema nitafumua bitana tu, nione lilivyotengenezwa ndani. Nikafumua. Nikakuta mshono ambao siujui. Tundu za vifungo zimekatwa kwa wembe, bitana imevutwa kwa nguvu, mfuko wa ndani umekaa upande. Kaka yangu, mwenye fundi wa tumbo moja naye, alikwenda kushonewa na mtu baki, na mtu huyo akamharibia kitambaa kizuri, naye akakivaa kile kitu miaka yote!

Nilishika mkasi kwa wivu. Sina neno jingine. Nilishona bega upya, nikapunguza ubavu, nikakata mikono. Kuinua kichwa, koti limekuwa langu. Nililivaa, likanikaa sawasawa. Hapo ndipo nilipokumbuka filamu. Nguo ikishakatwa haina dawa, wewe mwenyewe unajua. Ulipoandika "usiliguse," lilikuwa limekwishaguswa miezi minne.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, niseme. Baba yako alikuwa anaagwa kazini. Aliniletea kitambaa cha suti miezi miwili kabla. Nikamwambia njoo kesho. Alipokuja kesho nikamwambia kesho. Unatujua mafundi. Wateja niliwashonea, maana mteja ukimchelewesha atakwenda kwa mwingine, na ndugu atakwenda wapi? Siku ya kuagwa alisimama mbele ya ofisi nzima na suruali inayong'aa magotini. Jioni akanipigia akasema nisikanyage kwake bila suti yake. Nikaimaliza wiki tatu baadaye, nikaipeleka. Nilisimama mlangoni. Sikubisha. Nikarudi nayo, nikaivalisha sanamu ya dirishani mpaka ikapauka kwa jua, nikaitupa. Hiyo ni miaka kumi na moja sasa. Hata mazishini nilisimama nyuma, nikaondoka kabla watu hawajarudi nyumbani.

Hakuna aliyeniona siku ile ya suti. Kwa hiyo kama kweli umetunga, basi wewe ni mchawi.

Sasa nimekuharibia filamu, kama nilivyomharibia yeye siku yake. Nisamehe ukiweza.

Baba yako mdogo


17 Aprili

Baba Mdogo, shikamoo.

Mama hajambo. Anauliza kwa nini nacheka peke yangu na barua mkononi, na mimi nilikuwa silii wala sicheki, nilikuwa katikati.

Siku ya kwanza nilitaka kukunyonga. Ya pili nilimsomea mhariri kile kipande cha koti. Yule mtu huwa hasemi, analipwa kwa chai na ahadi, lakini alisimama. Akasema, "Basi alipunguze mbele ya kamera." Yaani hivi: yule fundi wa kwenye filamu yuko njiani na koti la kaka yake, linamsumbua, hawezi kulivumilia. Anaazima cherehani mahali, analirekebisha, na kwa mikono yake mwenyewe analifanya lisimfae tena kaka yake. Kisha anafika mlangoni na kitu asichoweza kukirudisha. Baba Mdogo, ni bora kuliko nilivyoandika mimi! Nilikaa chini nikaona aibu kidogo. Mwaka mzima natunga, na wewe umenipita kwa mkasi.

Mpiga picha amekubali siku moja, 9 Mei. Asubuhi tutakupiga picha kwenye cherehani ya jirani, ukimalizia mishono. Mchana mlangoni. Hiyo ndiyo nafasi ya mwisho, kwa sababu mhariri anahitaji wiki tatu na tamasha halimsubiri mtu. Usipokuja, filamu imekufa, na nitaizika bila kukulaumu. Hapo mwisho nimedanganya. Nitakulaumu.

La uchawi tutalizungumza siku nyingine.

Kiroboto


24 Aprili

Kiroboto, marahaba.

Huku salama. Ile rangi ya ukuta nimeanza kuizoea.

Nitakuja. Nina sharti moja tu. Shemeji asiwepo nyumbani siku hiyo. Usiniulize sababu. Mlango nitaukabili ukiwa mlango tu, mbao na bawaba. Akiwepo ndani siwezi. Nijibu kwa maandishi.

Baba yako mdogo


1 Mei

Baba Mdogo, shikamoo. Sote wazima.

Mama hatakuwepo. Basi la saa tatu, nitakupokea.

Kiroboto


2 Juni

Baba Mdogo, shikamoo.

Mtoto ameota jino. Mama hajambo, goti limepata afueni. Hizo ndizo habari fupi, sina utulivu wa kuzirefusha.

Filamu imekwisha. Jana, saa nane na dakika kumi mchana. Kompyuta ilihitaji saa sita kuitoa nzima, na kwa saa sita tulitazama namba ikipanda. Mwenye duka la simu alizima mashine zake zote ili umeme usikatike, akawaambia wateja kuna mgonjwa ndani. Ilipofika mia, mhariri akasema, "Sasa?" Masikio alilala palepale kwenye kiti. Mimi nilifagia chumba. Nilidhani nitalia, au nitacheza, au nitapiga watu simu. Nilifagia hata chini ya kabati ambalo si letu. Mwaka na nusu kila asubuhi nimeamka na jambo la kukimbilia. Leo nimeamka nikakaa kitandani na kiatu kimoja mkononi, sina pa kwenda nacho. Nimefurahi, na najihisi nimefiwa. Hakuna aliyeniambia kwamba vinakuja pamoja.

Imekwisha, lakini sijaipeleka. Nina siku kumi na tatu, na nina jambo la kukuambia.

Tarehe 9 ulikaa kwenye cherehani ya jirani ukatushonea vizuri, tukakupigia makofi. Mchana ukasimama mlangoni. Nilikuelekeza ubishe mara tatu. Hukubisha. Mkono uliinuka ukabaki hewani, kisha ukashuka. Ulisimama dakika nne na nusu. Mpiga picha hakuthubutu kuzima, na mimi neno "kata" lilinikwama. Kisha ukageuka, ukavuka barabara, ukapanda basi bila kwaheri. Nilikuchukia siku mbili. Siku ya tatu tulifungua kipande kile, na Masikio akavua hedifoni zake akanivika.

Wewe hukusikia, na kwa masikio yale ungesikiaje. Kuanzia dakika ya pili kuna kandambili ndani ya nyumba. Zinatoka jikoni, moja inaburutwa kwa sababu ya goti. Zinakuja mpaka nyuma ya mlango, zinasimama. Haziondoki mpaka unapogeuka.

Mama alikuwepo. Nilipokuandikia hatakuwepo nilidhani nitaweza kumpeleka kwa kaka. Asubuhi ile akakataa. Akasema, "Nifukuzwe nyumbani kwangu na kamera? Nitakaa jikoni." Nilinyamaza kwa sababu ningekwambia ungerudi na basi lilelile. Nilikudanganya kwa ajili ya filamu. Ingebidi, ningefanya tena, na hilo linanitisha.

Tena sikutunga. Mama ndiye aliyenisimulia, siku tulipokuwa tunakunja nguo za baba baada ya mazishi. Siku ile ya suti alikuona dirishani. Alikuja mpaka mlangoni, na wewe uko nje na kifurushi. Nikamuuliza, mbona hukufungua? Akasema, "Nilikuwa nangoja abishe."

Sasa Masikio anaweza kuzifuta kandambili zile kwa dakika kumi. Mlango utabaki kimya na hakuna atakayejua. Zikibaki, ukumbi mzima utamsikia mama akikusimamia nyuma ya mlango. Mimi nataka zibaki kuliko ninavyotaka kitu chochote, na ndiyo maana sijiamini kuamua. Nimemuuliza mama. Akasema, "Muulize yeye."

Mwisho ni tarehe 15, saa sita mchana. Nijibu hata neno moja.

Kiroboto


9 Juni

Kiroboto,

Leo salamu zitakaa mwisho, nawe utavumilia.

Umenidanganya. Nilitaka jambo moja kwako, kwa maandishi, ukanipa karatasi ya uongo. Nimekaa na barua yako siku tatu. Siku ya kwanza nilishona mfuko wa suruali ndani nje, mteja akadhani ni mtindo mpya.

Lakini na mimi nilikuandikia kwamba hakuna aliyeniona. Si kweli. Niliona pazia likisogea. Niliona mkono wa shemeji, nikaujua. Nilimwona akiniona. Nikajisemea, ameniona na hafungui, basi nimekataliwa na nyumba nzima, hata hodi ni kujidhalilisha. Nikaondoka. Miaka kumi na moja nimelilaumu pazia. Kaka yangu akafa mimi nalaumu pazia. Mwezi uliopita nilisimama palepale nikiamini hakuna mtu ndani, na mkono ukakataa vilevile. Kwenye basi nililia. Nilijua sasa kwamba hata nyumba tupu naiogopa.

Kumbe alikuwa anangoja nibishe! Na mimi nangoja afungue! Watu wazima wawili, ubao mmoja katikati. Mama yako mdogo nilipomsomea alisema tungekuwa watoto wake angetuchapa wote.

Uliomba neno moja. Ziache.

Nitakuja kwenye hilo tamasha. Sitalala kwenye nyumba ya wageni, na usiandike kunishauri. Mwambie shemeji.

Marahaba. Sote hatujambo.

Baba yako mdogo


12 Julai

Baba Mdogo, shikamoo.

Natumaini safari ya kurudi ilikuwa njema na kwamba dereva hakukusahau chini ya kiti. Mama hajambo. Tangu ulipoondoka anasema nyumba imekuwa kimya, kana kwamba miaka yote hii ilikuwa na fujo.

Nakuandikia kusahihisha jambo. Filamu haikuzomewa.

Najua mlinibembeleza sana na kunihakikishia kwamba watu wa siku hizi hawajui kitu kizuri. Sikupata nafasi ya kueleza, na kesho yake uliondoka alfajiri. Sasa ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Niliondoka nyumbani asubuhi kwenda kujaribu mitambo ya ukumbini. Tulikubaliana: basi lako saa sita, mama akupokee, mje pamoja saa tisa. Nilitenga viti viwili mstari wa mbele, nikabandika karatasi kwa mkono wangu. Watu walikuja mia moja na kumi na watatu. Niliwahesabu mlangoni kwa sababu nilitaka kazi ya kufanya. Saa tisa ikafika, viti vitupu. Nikaomba dakika tano. Nikaomba nyingine tano. Nikapiga simu ya nyumbani, ikaita mpaka ikachoka. Kisha taa zikazimwa.

Sikuitazama filamu yangu, Baba Mdogo. Nilitazama viti viwili kwa saa moja na nusu. Nilijua umegeuka tena. Nilikuona kwa akili yangu ukishuka kwenye basi, ukifika mtaani, ukisimama pale, mkono ukikataa, na mama nyuma ya mlango amenyamaza. Nikajilaumu kwamba nimewafanya mrudie mara ya tatu, safari hii kwa sababu ya kiherehere changu. Onyesho la mlango lilipofika watu waliacha hata kukohoa. Kandambili zikaja, zikasimama. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Fungua basi, mama!" Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Mwisho walisimama wakapiga makofi, na mwenye duka la simu akanikamata mabega akanitikisa, machozi yanamtoka. Kila mtu alitaka kunipa mkono. Mimi nilitaka kuondoka.

Nilirudi kwa miguu, karibu nakimbia. Njiani niliyapanga maneno yote, ya kwako na ya mama, na hayakuwa na adabu. Nimekonda kwa ajili yenu, nimeacha kazi, nimesema uongo, na siku moja, moja tu, mmeshindwa kuja kukaa kwenye kiti.

Nikakuta mlango uko wazi wote. Mama amekaa mezani ameweka mguu juu ya stuli, wewe upande wa pili umevua viatu. Wewe unapiga kelele kwa sababu husikii, yeye anapiga kelele ili usikie, na wote mnaongea kwa wakati mmoja habari za baba, jinsi alivyokuwa akikoroma. Mama akageuka akaniona nimesimama na jasho langu. Akasema, "Mbona umerudi mapema?"

Na wewe ukaniangalia kwa mshangao wa kweli, ukauliza, "Kwani ilikuwa leo?"

Sikujua ni nani aliyebisha. Mpaka sasa sijui kama kuna aliyebisha. Hapakuwa na kamera wala kipaza sauti, na kila mkiulizwa mnasema "aa, tulisalimiana." Nilitaka kucheka, na kicheko kikatoka kidogo, kisha nikaanza kulia kilio ambacho nilikuwa nakisubiri tangu tarehe mosi Juni. Nililia kwa sauti, nimekaa sakafuni na begi mgongoni. Mkaogopa. Mkadhani filamu imeanguka. Mama akaja na goti lake, wewe ukaja bila viatu, mkaniinamia wote wawili mkaanza kunituliza, kila mmoja akimsahihisha mwenzake.

Sikuwakatisha.

Mwanao,
Kiroboto